Nyika ya Katangi Haijafa



Mtu wa pwani afikapo Katangi, upande wa Yatta katika Kaunti ya Machakos, mwezi wa Septemba, aghalabu huiona nyika ile kuwa imekufa. Miti haina majani na vumbi limetanda. Lakini na akaribie miti ya jamii ya ule utoao manemane, tunayofukizia nyumba zetu. Mingi ina ganda jembamba libambukalo kama karatasi, na chini yake mna kijani kibichi. Mti umeangusha majani ili usipoteze maji, na gome limeshika kazi yake: lapokea mwanga wa jua na kuutengenezea mti chakula.

Ajabu kubwa zaidi ni migunga. Baadhi yake huchanua kabla ya mvua, matawi yakiwa matupu. Mmoja wataalamu wameuita mellifera, neno la Kilatini lenye maana ya mleta asali. Watoto wakitulia karibu nao asubuhi, jua halijawa kali, huwaona nyuki wakiondoka na vibumba vya chavua kwenye miguu ya nyuma. Watulie kwelikweli, na wasiusogelee mzinga! Tangu zama za kale Wakamba hutundika mitini mizinga ya magogo. Nasi tunajua kwamba sura ya 16 ya Qur'ani, Surat an-Nahl, imepewa jina la nyuki, na humo mti umetajwa miongoni mwa makao yake.

Mvua za Novemba, ambazo wakulima wa Ukambani huzitegemea kuliko za masika, huwatoa kumbikumbi ardhini. Huruka muda mfupi, wakaangusha mbawa, kisha dume na jike huenda kuanzisha kichuguu kipya. Wengi huishia midomoni mwa ndege.

Bahati mbaya, mgunga una mti mzito, na mkaa wake hukaa motoni. Ukatwapo wakati wa kiangazi, nyuki hupoteza ua katika miezi ambayo maua mengine ni haba, na mwenye mzinga hupoteza asali. Hapo jambo hili laingia jikoni mwetu. Ununuapo gunia, muulize muuzaji ni mkaa wa mti gani. Mathenge, mti mgeni uliovamia ardhi ya Tana River, nao hutoa mkaa mzuri, na kuukata hakuipunguzii nyika miti yake ya asili.