Kabla ya kununua gari la kuvuta remoki, pimeni kwanza viti

Wiki hii tunazungumza juu ya gari. Najua wengine watageuza ukurasa wakisema hayo ni mambo ya wanaume na makanika. Msigeuze. Siku hizi vikundi vingi vyetu vinakodisha viti, shapito na masufuria kwa ndoa na matanga, na kila kikundi kikipata pesa kidogo kwenye sanduku, neno la kwanza ni lile lile: tununue gari letu na remoki, tuache kulipa watu.

Sisi pia tulisema hivyo. Remoki tulikuwa nayo tayari, tuliichomeshewa na fundi wa hapa mjini. Gari hatukuwa nalo, basi kwa kila kazi tulikodi lile tulilopata. Siku moja ya posho tulitoka kwenye ndoa upande wa Walungu jioni, mvua inanyesha, viti 200 nyuma yetu, na mbele ilikuwa jeep ndogo ya esanse. Wakati wa kwenda tulipanda polepole na hakuna aliyeshangaa. Shida ilikuja kwenye mtelemko. Shofa alikanyaga freni, jeep ikapunguza mwendo, lakini remoki haikupunguza. Ilitusukuma kutoka nyuma kama mtu anayekusukuma mgongoni sokoni, kisha ikaanza kuyumba kushoto na kuume. Shofa alikuwa na akili: akaegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, si upande wa bonde. Remoki ikalala. Viti zaidi ya 40 vikavunjika.

Kabla ya kuondoka, wasichana wawili wa kwetu walitaka kupanda juu ya viti ili wasibanane ndani. Mama mtunza sanduku akakataa, akawapakata. Mpaka leo hatulizungumzi sana jambo hilo.

Tulipofika nyumbani kila mtu alisema freni za jeep zilikuwa mbovu. Makanika akazifungua, akakuta ni nzima. Akatuuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kujibu: mzigo ulikuwa kilo ngapi?

Basi tukapima. Tuliazima mizani ya mama anayeuza maharage. Kiti kimoja cha plastiki kilikuwa na kilo mbili na nusu, na viti 200 ni kilo 500. Vyuma vya shapito na turubai vikafika 180. Masufuria makubwa, sahani na majiko, 110. Siku ile tulibeba pia mapipa mawili ya maji, lita 200 kila moja, kwa sababu tuliogopa kukosa maji huko. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ni kilo 400 za kitu ambacho tungeweza kukipata palepale kwa kuagiza mapema. Remoki yenyewe ikiwa tupu ilikuwa karibu na kilo 400. Jumlisheni wenyewe: inapita kilo 1,500. Kwa macho ilikuwa viti tu.

Sasa sikieni namba moja ya kukumbuka, kwa sababu inatumika na watengenezaji wengi wa magari: kilo 750. Remoki ambayo haina freni zake yenyewe haitakiwi kupita hapo, pamoja na uzito wake na mzigo wake, na kwa gari dogo kipimo kinashuka zaidi. Ikipita hapo, remoki lazima iwe na freni zake. Yetu ilibeba mara mbili ya kipimo hicho bila freni hata moja. Hata kwa remoki yenye freni, jeep nyingi ndogo za esanse hazizidi tani moja na nusu. Hiyo ndiyo sababu freni nzima za jeep hazikutusaidia.

Baada ya hapo tukaanza kutafuta gari la kununua, na hapo ndipo nilipojifunza mengi. Muuzaji wa kwanza alituonyesha rangi, redio na viti vya ngozi. Tulipouliza linavuta kilo ngapi alicheka: "Mama, hili linavuta hata nyumba." Nilipomsimulia makanika, akaniambia kwamba kweli kuna nchi ambako watu wanavuta nyumba. Afrika Kusini na Australia familia ikienda likizo hufunga nyuma ya pikapu nyumba ndogo yenye vitanda na jiko, na pikapu nyingi zinazofanya kazi hiyo ni ndugu za hizi Hilux na Land Cruiser tunazoziona hapa Bukavu. Lakini watu hao husoma kwanza kibati cha gari.

Kibati hicho ni cha chuma au ni karatasi iliyobandikwa. Kitafuteni mlangoni upande wa shofa au chini ya boneti. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na namba nne za kilo, moja chini ya nyingine. Ya kwanza, ambayo Wafaransa wanaiita PTAC, ni uzito ambao gari haliruhusiwi kupita likiwa limejaa, pamoja na watu na mazutu. Ya pili, PTRA, ni uzito wa gari na remoki vikiwa pamoja. Mbili za mwisho ni za mipira ya mbele na ya nyuma. Toeni ya kwanza kwenye ya pili, mtajua remoki ya kilo ngapi inafaa gari likiwa limejaa. Magari mengi yanayokuja kutoka Japani na usukani wa kuume hayana namba hizo zote. Hapo chukueni namba ya modeli iliyo kwenye kibati, makanika aitafute kwenye vitabu vya mtengenezaji. Muuzaji asipotaka msome kibati, ondokeni.

Kwa kazi kama yetu, tuliona aina tatu. Jeep ndogo tumeshaisema. Ya pili ni Hilux ya mazutu. Nyingi zinabeba karibu tani moja mgongoni, na kwa remoki yenye freni mtengenezaji huandika tani mbili na zaidi, hata tatu na nusu, kutegemea mwaka na aina. Ya tatu ni Land Cruiser pikapu, ile ndefu ambayo mashirika yanaipenda. Ina nguvu na inavumilia barabara mbaya. Wamama wengi kwenye mkutano waliitaka hiyo, nami nilikuwa mmoja wao, lazima niseme ukweli.

Tuliiacha kwa sababu mbili. Bei yake ingemaliza sanduku lote na kutuacha na deni, na gari kubwa linakula mazutu hata siku ya kubeba viti 50 tu. Tena fikirieni avenyu zetu za Kadutu na Cimpunda, jinsi zilivyobana. Gari refu lenye remoki nyuma, ukikosa njia, unarudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa huku majirani wote wanatoa mashauri.

Kuna jambo la milima ambalo wauzaji hawalisemi. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi si ile utakayoipata hapa. Injini yenye turbo hupoteza kidogo zaidi ya hapo, maana yake upungufu wake ni mdogo. Lakini msichague gari kwa kupanda tu. Gari dhaifu likipanda linachelewa, likishuka linaua. Anayejua njia ya Ngomo kwenda Kamanyola ananielewa. Pale unashuka mamia ya mita, na shofa anayekanyaga freni muda wote anazichemsha mpaka zinaacha kushika. Inatakiwa kuweka vitesi ndogo kabla mtelemko haujaanza, injini yenyewe ishike gari, na freni zitumike kwa vipindi.

Kuhusu kabini, tulibishana wiki mbili. Wengine walitaka kabini mbili ili wamama wapande ndani bila kulowa. Mimi nilikuwa upande huo. Mama mtunza sanduku akatuonyesha kwamba kabini mbili ina mgongo mfupi, na kwamba wamama watano wa kilo 70 ni kilo 350 ambazo zinahesabiwa kwenye uzito wa gari kama vile masufuria. Tulichagua kabini moja. Watu watatu mbele, wengine wanapanda taksi na kikundi kinawalipia. Hakuna anayepanda kwenye remoki, mkubwa wala mtoto, hata kwa mita mia.

Hesabu yetu mpya ni hii. Vyuma vya shapito na masufuria, kilo 290, vinakaa mgongoni mwa Hilux. Viti vinabaki kwenye remoki: 500 na 400 za remoki yenyewe ni 900. Maji tunayakuta tunakokwenda. Kwa kuwa 900 bado inapita 750, tumempa fundi kazi ya kuweka freni kwenye remoki, na pesa hiyo hatukuibania hata kidogo. Ndoa kubwa ya viti 500 inapokuja, mara mbili au tatu kwa mwaka, tunakodi Fuso kwa siku moja. Ni rahisi kuliko kuilisha mwaka mzima.

Jambo la mwisho ni kupakia. Ile jioni viti vizito vilikuwa nyuma kabisa kwa sababu ndivyo vilivyoingia mwisho. Remoki nzito nyuma inanyanyua mkia wa gari, ndipo inapoanza kuyumba. Wekeni zaidi ya nusu ya mzigo mbele ya mipira ya remoki, ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake ilalie kile kichwa cha chuma nyuma ya gari. Kwetu ni kilo 90 hivi, nazo pia zinahesabiwa kwenye mzigo wa Hilux. Minyororo miwili ipishane chini yake, na taa za nyuma za remoki ziwake, si za gari peke yake.

Hilux bado hatujailipa. Sanduku linahitaji miezi michache zaidi. Remoki inatoka kwa fundi wiki ijayo, na siku ya posho tutaipima tena ikiwa tupu, kwa sababu freni nazo zina uzito wake. Mama mwenye mizani inayopita kilo 100 atuazime, tutairudisha siku hiyo hiyo.