Jalada la Mtoto ni Amana: Kutoka Makambi ya Kigoma Hadi Milima ya Usambara

Baada ya swala ya Alfajiri, stendi ya Lushoto huwa imekwisha kuchangamka. Malori ya mboga yalipakiwa tangu usiku: kabichi, karoti, hoho, viazi na matunda ya msimu, yote yakishuka Soni hadi Mombo, na kutoka hapo kushika barabara kuu ya Dar es Salaam. Mwenye mzigo haendi kwa kubahatisha. Tenga lake lina alama, idadi imeandikwa daftarini, simu ya dalali anayo, na jioni atapiga kuuliza mzigo umefikaje na umeuzwaje.

Katika basi linaloshuka mlima huo huo, si ajabu kumkuta binti wa miaka 13 au 14 akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Anakwenda mjini "kwa mama mmoja" kusaidia kazi za nyumbani. Aliyemtafutia kazi hiyo ni rafiki wa shangazi. Jina la mwenye nyumba linajulikana nusu, mtaa haujulikani kabisa, na simu iliyopo ni ya yule rafiki. Siku hiyo jioni ukimuuliza mama mtu binti amefika wapi, atakujibu kwa neno moja: Dar.

Makala haya hayakukusudia kuwashutumu wazazi. Mashamba ya milimani yamegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi hata mengine yamebaki vipande vya mtelemko visivyotosha kulisha nyumba moja, na anayempeleka mwanawe mjini aghalabu anaamini anamtafutia riziki. Tunalotaka kulizungumza ni jambo dogo kwa sura yake, nalo ni kuandikwa. Mtoto anapokuwa mbali na wazazi wake, nani anaandika habari zake, anaandika nini, na kilichoandikwa kinamfaa nani?

Nchi yetu imewahi kujifunza jibu la swali hili kwa taabu kubwa, si huku Tanga bali upande wa magharibi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia wilaya ya Ngara. Katika ukimbizi ule wa Maziwa Makuu, watoto zaidi ya 100,000 walitengana na jamaa zao. Wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja jina la baba au la kijiji. Mashirika ya misaada yakalazimika kuwapiga picha na kuzionyesha kambini, ili huenda shangazi au mjomba akapita na kuutambua uso. Kwa mtoto wa namna hiyo, karatasi yenye picha na maneno machache (alipookotwa, nguo aliyovaa, jina analoitikia) ndiyo kamba pekee iliyomfunga na nasaba yake. Karatasi ikipotea, kamba imekatika.

Hali ilijirudia Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba, chombo kilichojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa inawavusha hadi Kigoma, na kutoka huko wakipelekwa Nyarugusu, kambi iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ilipofurika, Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015 na Mtendeli ikafuata Januari 2016. Kila ushukaji na kila upandaji ulikuwa nafasi nyingine ya mtoto kuachana na mkono wa mamaye.

Kutokana na misiba kama hii ndipo ulipokua utaratibu unaoitwa usimamizi wa mashauri ya watoto. Mtoto hutambuliwa na kuandikishwa, hali yake hutathminiwa, mpango hupangwa pamoja naye na walezi wake, hutekelezwa, hufuatiliwa, na mwisho shauri hufungwa. Miongozo ya kimataifa inapendekeza mtumishi mmoja asibebe zaidi ya watoto 25 kwa wakati mmoja, kwa kuwa anayebeba mia huishia kuzitembelea karatasi badala ya watoto. Majalada yalipokuwa mengi, UNICEF, IRC na Save the Children walitengeneza mfumo wa kompyuta wa kuyahifadhi, unaofahamika kwa kifupi CPIMS, ambao toleo lake la sasa limejengwa juu ya programu huria iitwayo Primero na hutumika katika nchi nyingi zenye dharura.

Hapo ndipo walipoingia watafiti. Ikiwa kuna maelfu ya majalada, kwa nini tusiyasome kwa pamoja tujue watoto wanapatwa na nini na msaada gani unafaa? Wazo ni jema, lakini namba za majalada zina tabia ya kumdanganya asiyezijua.

Tuanze na neno "kutenganishwa". Fomu za dharura hugawa watoto mafungu mawili: aliye peke yake, yaani hana mzazi wala jamaa wala mtu mzima anayewajibika kwake kwa sheria au kwa mila, na aliyetengana na wazazi, lakini huenda yuko na jamaa wengine. Sasa chukua fomu hiyo uilete kwetu. Mtoto anayelelewa na bibi yake tangu aache ziwa, mtoto aliyepelekwa kwa mjomba asome madrasa na shule, mtoto wa marehemu kaka aliyechukuliwa na baba mdogo: hao wote fomu itawaandika "waliotengana". Wenyewe hawajijui kuwa wametengana na mtu. Kinyume chake, binti wa basi la Lushoto, aliyeko nyumba ya mgeni akiitwa "mtoto wa ndugu" mbele ya wageni, huenda asiandikwe popote, kwa kuwa mwenye nyumba amekwisha kusema ni wa ndugu. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la kusoma takwimu za watoto bila kujua desturi za kulea: humkamata aliye salama na kumpita aliye hatarini.

Kisha kuna namba zinazopanda. Wilaya fulani imepokea mashauri 40 mwaka huu, mwaka uliopita 15. Kiongozi atashtuka na kusema maadili yameporomoka. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia ameletwa afisa mwanamke anayesikiliza vizuri, au mwalimu mmoja amewaambia wanafunzi wake mahali pa kwenda. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, Bara na Zanzibar, nao ukatangazwa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kufikia miaka 18. Takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walieleza kupatwa na ukatili wa kingono kabla ya umri huo. Na kati ya wasichana hao, aliyejaribu kutafuta msaada ni kama mmoja kati ya watano. Maana yake, majalada yaliyomo makabatini ni ya wachache waliothubutu. Wilaya yenye kabati tupu haijathibitisha usalama wa watoto wake.

Na namba nyingine hujificha ndani ya neno. Shauri lililofungwa kwa sababu mtoto amerudishwa kwa wazazi, na shauri lililofungwa kwa sababu mtoto hajulikani alipo, yote mawili yanaweza kuingia katika jedwali chini ya neno moja: "yamefungwa". Mtafiti mwaminifu hufungua na kusoma sababu. Mwenye haraka hujumlisha na kutangaza mafanikio.

Lipo pia suala la siri, na hili linawahusu zaidi watu wa milimani kuliko wa mjini. Tuseme ripoti inaeleza kuwa katika kata fulani, robo ya mwaka, ameandikishwa mtoto mmoja wa kike wa miaka 13 aliyedhulumiwa na ndugu wa karibu. Jina halikutajwa. Je, siri imehifadhiwa? Katika jiji, labda. Katika kijiji cha ukingoni ambako kila mmoja anajua nani alisafiri na nani alilia kisimani, namba "1" ni jina kamili. Kwa sababu hiyo watafiti waangalifu hawachapishi hesabu ndogo mno, huunganisha kata kadhaa, huondoa umri kamili, na hawapewi majalada yenye majina ila kwa sababu inayohusu kumsaidia mtoto. Kadhalika huuliza kama mtoto na mlezi wake walikubali habari zao zitumike kwa utafiti, au walikubali kusaidiwa tu. Aliyeeleza aibu yake ili apate daktari hakuruhusu isomwe ukumbini.

Msomaji wa Kiislamu hapaswi kuyaona haya kuwa mageni. Surat al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na baba wasipojulikana, basi ni ndugu zetu katika dini. Nasaba haifutwi kwa sababu ya hisani. Mafakihi wameweka mlango mzima wa laqit, yaani mtoto aliyeokotwa, na katika madhehebu ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba anayemwokota awajibike kuweka mashahidi. Sababu waliyoitaja ni ya kushangaza kwa uwazi wake: asije mtoto akafanywa mtumwa, wala nasaba yake isipotee. Imepokewa pia katika Muwatta ya Imam Malik kuwa mtu aliyeokota mtoto alifika mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), naye hakumpokea kwa neno lake tu, msimamizi wa watu wake alishuhudia kuwa ni mtu mwema, ndipo Umar akamwachia mtoto, akatamka kuwa mtoto yu huru, na matumizi yake yakawekwa juu ya hazina ya Waislamu. Hapo mna uandikishaji, uchunguzi wa mlezi, na mpango wa matunzo.

Na kisa kingine cha Umar kinamfaa kila anayekusanya takwimu. Inasimuliwa kuwa alipoweka daftari la posho, mtoto alihesabiwa baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia kichanga kikilia mno. Mama yake, bila kumjua, akamweleza kuwa anamwachisha mapema ili aandikwe kwenye posho. Umar alihuzunika, akabadili amri: mtoto aandikwe tangu azaliwe. Kumbe namna tunavyohesabu inaweza kumnyima mtoto maziwa.

Turudi Lushoto. Huku hakuna kambi, lakini vyombo vipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki azipeleke kwa serikali ya mtaa. Sheria hiyo hiyo imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomzuia kusoma wala kumdhuru. Yuko Afisa Ustawi wa Jamii, liko Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na tangu mpango wa MTAKUWWA ulioanza mwaka 2017/18 ziko kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji. Simu ya watoto, namba 116, haitozwi chochote. Zipo kamati zinazokutana na zipo zilizobaki kwenye karatasi; tofauti yao mara nyingi ni mtendaji mmoja mwenye daftari.

Wala tusiseme dharura ni za wengine. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliuvamia mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Sisi wa miteremko ya Usambara tunayajua maporomoko. Kitongoji chenye orodha ya kila nyumba, watoto wake kwa majina matatu, na jina la jamaa anayeishi mbali na mteremko, kitajua jioni ile ile nani hayupo na nani akabidhiwe nani. Orodha hiyo ifungiwe, isibandikwe ukutani.

Kwa mzazi ambaye mwanawe amefikia umri wa kisheria na ameamua kusafiri, hili linaweza kufanywa wiki hii, kabla ya basi: karatasi mbili zenye maneno yale yale. Jina kamili la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Jina kamili la mwenye nyumba, mtaa, na jina la mwenyekiti wa mtaa huo. Simu mbili, moja isiwe ya aliyemtafutia kazi. Mshahara waliopatana, na siku ya kwanza ya kurudi nyumbani. Jina la aliyemsindikiza, na sahihi yake. Karatasi moja abaki nayo mama, ya pili aipokee mwenyekiti wa kijiji na kuitia sahihi. Mtoto mwenyewe akariri namba mbili kichwani, ya nyumbani na 116, kwa kuwa mfuko wa nguo unaweza kufungiwa chumbani na mwenye nyumba.