Kabla Hujamtumia Broka Pesa ya Ploti Ngoliba

Ni Jumamosi asubuhi. Umetoka Thika kwa matatu hadi Ngoliba, na jamaa mliyeongea kwa simu anakuonyesha ploti ya 50 kwa 100. "Bei ni laki tano," anasema, "lakini kuna wateja wengine wawili. Nitumie elfu ishirini saa hii niongee na mzee asiwauzie." Unatoa simu.

Shika hapo kwanza.

Huenda mzee mwenyewe ameitisha laki nne, na hajui kama upo. Broka ndiye anayewajua nyote wawili, na faida yake iko katika nyinyi kutojuana.

Sheria inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533. Kukutanisha muuzaji na mnunuzi, au kuwapatanisha bei kama mtu wa kati, ni kazi ya wakala. Anayeifanya kama biashara lazima awe amesajiliwa na bodi inayojulikana kama EARB, na awe na cheti cha mwaka huo. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa.

"Lakini mimi ni mwekezaji, si broka"

Kununua shamba mwenyewe, au kuuza lililo lako, hakuhitaji leseni. Lakini ukimwendea mzee kumweleza kuhusu wanunuzi ulio nao, mkapanga bei huku ukingojea chako, umeingia kwenye kazi ya wakala. Kujiita mwekezaji hakubadilishi hilo.

Fanya hivi kabla ya kutuma hata shilingi

1. Uliza cheti. Chukua jina lake na namba ya usajili, kisha uthibitishe na EARB. Kitambulisho cha shingoni hakitoshi.

2. Onana na mwenye shamba. Linganisha kitambulisho chake na jina lililo kwenye hati. Muulize bei yeye mwenyewe.

3. Fanya upekuzi wa hati. Ada za huduma za serikali hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Akikwambia utume "pesa ya search" kwa namba yake, kataa.

4. Andikianeni. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, uwe na sahihi za wote na shahidi.

5. Usisahau bodi ya ardhi. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauziano yanaweza kuwa batili.

Na wewe unayeuza?

Usimpe broka hati yako halisi "aonyeshe wateja". Mwambie kila mteja aje muonane ana kwa ana, na malipo yaje kwa jina lako.

Ukituma, soma jina

Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la mwenye shamba wala la wakili mliyekubaliana, acha. Hifadhi ujumbe wa malipo pia. Ndio ushahidi wako. Ukigundua umekosea, tupigie mara moja. Pesa zikishatolewa kwa ajenti, hatuwezi kukurudishia.

Broka wa haki hatakasirika ukimuuliza cheti. Akianza kukuharakisha, rudisha simu mfukoni. Ploti haitahama.