Tusimlaani Ndugu Yetu

Ndugu zangu Waislamu, wakubwa kwa wadogo, nina jambo lililonifika mwenyewe, nami naona si vyema kulificha.

Mwaka 2022 nalialikwa kusomesha Kurani kila Jumatano katika nyumba moja ya hapa Unguja, wanamoishi vijana wanaojitahidi kuuacha unga. Watu huziita soba nyumba hizi. Siku ya kwanza kijana mmoja aliubusu mkono wangu, akasema, “Shikamoo maalim. Hukunitambua?” Kumbe alikuwa mwanafunzi wangu! Zamani nalimfukuza mlangoni pa chuo mbele ya watoto, nikamwita teja.

Alinieleza siku zake za mwanzo: mifupa ikimwuma, akitapika, akitetemeka na huku jasho lamtoka, wala usingizi hauji. Hiyo ndiyo arosto. Baada ya siku kadhaa ilipita, lakini tamaa ilibaki. Humo huamka alfajiri, husali jamaa, hufagia na kupika kwa zamu, kisha huketi duara, kila mmoja akakiri aliyoyatenda. Kwake yeye, zito kuliko arosto lilikuwa kukiri kwamba aliiba cherehani ya mama yake akaiuza.

Nikaikumbuka hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtu mmoja aliletwa mara nyingi mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa sababu ya ulevi, akaadhibiwa. Mwenzake alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kuwa mlevi yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu ilikuwapo, laana haikuruhusiwa. Nami, maalim, nalifanya nini?

Wazazi, jueni kwamba hatari haiishi kijana atokapo soba. Mwili uliokwisha kuacha unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kipimo kile, aweza kufa saa ile ile. Basi akirudi nyumbani, tusikumbatie viatu vyetu msikitini tumwonapo. Tumpe nafasi katika safu, tumtafutie kazi, tumwulize hali yake kila siku, wala tusimwite kwa jina la aibu.

Nalimwomba radhi mbele ya wenziwe. Akanijibu, “Nimekusamehe, maalim. Niombee niivuke leo. Ya kesho nitakuomba kesho.”

Namwombea kila alfajiri. Nanyi mwombeeni, pamoja na yule aliye mtaani penu. Amin.