Mahindi Yalisafiri, Chokaa Ikabaki

Tortilla, mkate wa mahindi wa Meksiko, ni nyembamba kama chapati na hukunjika bila kupasuka. Jaribu kuipika kwa unga wetu wa sembe uone: donge halishikani, na ukilisukuma linameguka pembeni. Usimlaumu mpishi. Unga huo haukupitia kwenye chokaa.

Kijijini Meksiko kazi huanza jioni. Mahindi makavu hubandikwa motoni kwa maji yenye chokaa kidogo, kama gramu 10 kwa kilo ya mahindi, yakapata moto hadi kukaribia kuchemka. Kisha chungu huepuliwa na kuachwa mpaka asubuhi. Kukicha, maji yamekuwa ya manjano na yanateleza; ukizifikicha punje viganjani, maganda yanavuka yenyewe. Mahindi hayo, yaitwayo nixtamal, husuuzwa na kusagwa yangali na maji. Zamani mwanamke alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia kwa saa kadhaa kila siku. Siku hizi mashine zimempunguzia adha hiyo, na wengi mijini hununua unga ulio tayari. Donge hutandazwa na kuokwa kwenye kikaango bapa kisichotiwa mafuta. Wakati wa kula, tortilla ndiyo sahani na ndiyo kijiko: maharage, nyama na pilipili huchotwa kwa kipande chake.

Chokaa hulegeza ganda na kuta za chembe za punje, ndiyo maana donge hushikamana. Huongeza pia kalsiamu. Lakini kubwa zaidi ni niasini, yaani vitamini B3. Mahindi yanayo, ila sehemu kubwa imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu hauwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Watu wa Meksiko na Guatemala walikuwa wakipika hivi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, bila maabara wala neno vitamini.

Wahispania waliyapeleka mahindi Ulaya, lakini upishi wake hawakuuchukua. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliandika kuhusu maradhi ya wakulima maskini wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, waliokula mahindi karibu peke yake: ngozi ilibabuka shingoni na mikononi, yaani panapopigwa jua. Huo ndio ugonjwa wa pelagra. Baadaye mgonjwa huhara, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwakumba maskini wa kusini mwa Marekani, na wengi wakaamini ni wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa huko mwaka 1914, alikataa. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vilivyochanganywa na kinyesi cha wagonjwa hao. Hakuna aliyepata pelagra. Tatizo lilikuwa chakula, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akathibitisha kwamba kilichopungua ni niasini.

Sasa mbona sisi tunaokula ugali mchana na usiku hatuugui? Tunasalimika kwa mboga. Maharage, dagaa, nyama, karanga na maziwa huleta niasini, au protini ambayo mwili huigeuza kuwa niasini. Dona, ninayoipigia debe kila mara, inashinda sembe kwa mengi, lakini hata yenyewe haiifungui ile niasini iliyofungwa. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakiishi kwa mgao wa mahindi, walikosa karanga. Wagonjwa wa pelagra walioandikishwa mwaka huo walizidi 17,000. Kwa hiyo mboga si kitu cha kushushia ugali tu. Nyumba inayobana matumizi ipunguze tonge, isipunguze maharage.

Atakayetaka kujaribu tortilla nyumbani atafute chokaa iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Ile ya kupaka ukutani huenda ina uchafu usiofaa kuliwa. Asitumie pia sufuria za alumini zilizojaa majikoni mwetu, kwa sababu chokaa huzila. Chungu cha udongo kinatosha.