Dungu: Nyumba ya Mkulima wa Mpunga Bondeni Kilombero

Katika bonde la Kilombero, tambarare iliyobanwa baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, wakulima wengi wa mpunga wa vijiji kama Mofu huwa na makazi mawili: nyumba ya kijijini, na dungu, yaani kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ambamo familia huweza kukaa tangu kupanda hadi kuvuna. Kuliona dungu kuwa kibanda cha kupitishia msimu tu ni kulipunja, kwa kuwa limebuniwa kukidhi masharti ya bonde ambalo mito yake hufurika wakati wa masika.

Uzito wake hubebwa na nguzo za miti migumu zilizochimbiwa ardhini, ambazo vichwani huachwa panda, yaani pale tawi linapogawanyika mara mbili, ili boriti ilale humo bila kuhitaji msumari. Juu ya boriti hupangwa fito au mianzi na kufungwa kwa kamba za magome ya miti, na hili la kufunga badala ya kupigilia ni jambo la busara kubwa, kwani udongo uliolowa unapotitia na nguzo moja ikazama kidogo, fundo hunyumbuka pale ambapo msumari ungepasua mti. Paa la nyasi huteremshwa chini ili mvua ya upepo isiwafikie waliolala.

Kimo cha dungu husaidia pia kulinda mpunga dhidi ya ndege. Mlinzi aliyeketi juu yake huona hata nyuma ya mabua yaliyokwisha kurefuka, na ndege aina ya kwelea wanapotua huvuta kamba iliyotungwa makopo matupu, yakagongana upande wa pili wa shamba pasipo yeye kushuka.

Kimo hicho kina faida nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Gambia kwa vibanda vya majaribio, ulionyesha kwamba kibanda kilichoinuliwa mita 3 kiliingiwa na mbu waenezao malaria wachache kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa ardhini, huenda kwa sababu mbu hao huruka karibu na ardhi. Hata hivyo, madungu mengi hayafiki kimo hicho, na kuta zake, kama zipo, huwa na mianya mipana. Kwa hiyo chandarua kinachofungwa kwenye kombamoyo za paa bado ni cha lazima.