Msuli Usioweza Kujiziba

Kijana aliyetamba riadhani enzi za shule anakaribia umri wa miaka 20, mara anajikuta hawezi kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Mashavu ya miguu yamesinyaa. Damu ikipimwa, kimeng'enya cha kreatini kinesi kimepanda zaidi ya mara kumi ya kawaida. Daktari anahisi kinga ya mwili inashambulia misuli, anamwandikia steroidi. Miezi inapita bila nafuu.

Huenda chanzo ni jeni ya disferlini, iliyotambuliwa mwaka 1998 katika kromosomu ya 2. Mgonjwa hurithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama, nao wenyewe ni wazima.

Utando wa seli ya msuli ni mwembamba mno, na mtu akiteremka mlima tu, baadhi ya seli huchanika. Hilo ni jambo la kila siku. Kalsiamu ya nje huingia kwenye mchaniko, na hapohapo vifuko vidogo vilivyo ndani ya seli husafirishwa hadi hapo, vikaungana na kuwa kiraka. Disferlini, protini inayoitikia kalsiamu, ndiyo inayowezesha muungano huo. Mwaka 2003, watafiti wa Iowa, Marekani, walitoboa kwa leza nyuzi za misuli ya panya zilizolowekwa kwenye rangi inayong'aa. Uzi wenye afya ulijiziba upesi, rangi ikakoma kuingia. Usio na disferlini uliendelea kujaa rangi. Mwilini, seli kama hiyo hufa, na miaka ikipita mafuta na kovu hushika nafasi ya msuli.

Usafirishaji huu ukiharibika kwingine, ugonjwa huwa mwingine. Hitilafu ya jeni ya MTM1, iliyo kwenye kromosomu ya X, huvuruga mafuta ya utando yanayoongoza mwendo wa vifuko, na wavulana huzaliwa wakiwa legelege, wengi wakihitaji mashine ya kupumulia.

Kwa upungufu wa disferlini, steroidi si dawa: majaribio yaliyofanywa Ujerumani hayakuonyesha faida, huku madhara yake kwa mifupa na sukari ya mwili yakijulikana. Kwa hiyo, daktari mwenzangu, kijana akikosa nafuu, usimwongezee dozi kabla hajapimwa jeni. Nawe mzazi, una haki ya kukiulizia kipimo hicho.